Kamal al-Din al-Farisi na Juzuu za Namba Saba



Safu hii imekwisha kuwaandika al-Khwarizmi, Ibn Sina na Ibn al-Haytham, na hao kila mmoja wetu anawajua japo kwa majina. Mara hii nimemchagua Kamal al-Din al-Farisi. Wenzetu wa fizikia wanamkumbuka kwa upinde wa mvua. Mimi nasoma hesabu nikijiandaa kuwa mwalimu, na nimemchagua kwa kazi yake nyingine isiyotajwa sana: aliuliza namba imeundwa na nini, na ni vitu gani vinavyostahili kuitwa sehemu zake. Swali hilo nimekutana nalo hapahapa Kampala, katika daftari la mtoto wa shule, nami nitalieleza huko mbele. Tuanze na maisha yake.

Jina lake ni Kamal al-Din Abu'l-Hasan Muhammad ibn al-Hasan al-Farisi. Alizaliwa 1267, miaka tisa baada ya jeshi la Wamongolia chini ya Hulagu kuiteka Baghdad na kumuua khalifa. Ukiisoma historia kwa haraka utadhani elimu yote ilizama siku zile. Haikuzama. Mwaka 1259, huyohuyo Hulagu alimpa Nasir al-Din al-Tusi ruhusa na fedha za kujenga kituo cha kutazamia nyota huko Maragha, kaskazini-magharibi mwa Uajemi, na wanachuoni wakakusanyika pale pamoja na vitabu vilivyookolewa. Mtu aliyeharibu mji mmoja wa elimu ndiye aliyegharimia mwingine. Mimi sina maelezo ya jambo hilo, naliandika kama lilivyo.

Al-Tusi alifariki 1274, al-Farisi akiwa na umri wa miaka saba tu. Aliyewaunganisha ni Qutb al-Din al-Shirazi, mwanafunzi wa al-Tusi, ambaye baadaye alimfundisha al-Farisi. Al-Shirazi alikuwa tabibu mtoto wa tabibu, kadhi, mtaalamu wa nyota, na tena mchezaji mzuri wa sataranji. Miaka yake ya mwisho aliishi Tabriz, mji mkuu wa watawala wale wa Kimongolia, ambao kufikia 1295 walikuwa wamepata mfalme Mwislamu, Ghazan. Mwalimu wa namna hiyo ni riziki kubwa kwa mwanafunzi.

Riziki yenyewe ilikuja hivi. Al-Farisi alikuwa akisoma habari za mwanga na jinsi unavyopinda unapoingia majini, akaona maelezo ya vitabu alivyokuwa navyo hayakubaliani na mambo anayoyaona kwa macho. Akampelekea mwalimu wake shaka hiyo. Al-Shirazi angeweza kumjibu kwa mkato. Badala yake alikumbuka kwamba katika ujana wake aliwahi kukiona kitabu kikubwa cha Ibn al-Haytham juu ya kuona na mwanga, akafanya juhudi nakala ikaletwa kutoka mbali, akamkabidhi mwanafunzi wake aisome na kuifafanua. Al-Farisi hakuishia kufafanua. Kitabu chake, Tanqih al-Manazir, kinamsahihisha Ibn al-Haytham pale anapostahili kusahihishwa, kwa adabu lakini bila kumwonea haya.

Sahihisho kubwa ni la upinde wa mvua, ule ambao Waganda wanauita Musoke na ambao hapa kwetu haupiti msimu wa mvua bila kuuona ukisimama juu ya vilima. Ibn al-Haytham aliona wingu linafanya kazi kama kioo kilichobonyea. Al-Farisi aliliacha wingu, akashika tone moja. Kwa kuwa tone halishikiki, alichukua tufe la kioo, akalijaza maji, akaliweka katika chumba chenye giza na kuruhusu mwanga wa jua uingie kwa tundu. Akaona kwamba mwanga unapinda unapoingia, unarudishwa mara moja ndani, kisha unapinda tena unapotoka. Na upinde wa pili, ule hafifu wa juu wenye rangi zilizogeuka, unatokana na mwanga uliorudishwa mara mbili ndani ya tone. Miaka ileile, mtawa wa Kijerumani, Theodoric wa Freiberg, alifikia maelezo karibu yaleyale kwa vyombo vya kioo vya namna hiyo. Hawakuwahi kujuana.

Nimekaa kidogo kwenye tone la maji kwa sababu ndivyo alivyofanya na namba pia.

Aliandika risala kuhusu namba zipendanazo, kwa Kiarabu mutahabba, neno la ukoo mmoja na mahaba yetu. Namba mbili hupendana ikiwa sehemu za hii, zikijumlishwa, zinatoa ile, na sehemu za ile zinatoa hii. Mfano wa kale ni 220 na 284. Namba zinazoigawa 220 bila kubakisha, ukiiacha yenyewe, ni 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110, na jumla yake ni 284. Zinazoigawa 284 ni 1, 2, 4, 71 na 142, na jumla yake ni 220. Karne ya tisa, Thabit ibn Qurra wa Harran alikuwa ametoa kanuni ya kuzitafuta jozi kama hizo na akaithibitisha. Al-Farisi alitaka kuithibitisha upya kwa njia nyingine, na ili aweze ilimlazimu kwanza ajue namna ya kupata sehemu zote za namba yoyote bila kuruka hata moja.

Hapo akafanya kama alivyofanya kwenye wingu. Aliiacha namba kubwa, akatafuta tone. Tone la namba ni namba tasa. Alionyesha kwamba kila namba isiyokuwa tasa inaweza kuvunjwa ikawa zao la namba tasa zenye idadi maalumu, kisha akaonyesha jinsi ya kuzipanga hizo namba tasa, moja moja, mbili mbili, tatu tatu, ili kupata sehemu zote. Chukua 30, ambayo ni 2 mara 3 mara 5. Zikiwa moja moja unapata 2, 3 na 5. Zikiwa mbili mbili unapata 6, 10 na 15. Ongeza 1, na umemaliza sehemu zote za 30 zilizo ndogo kuliko yenyewe. Kwa kuhesabu mipangilio hiyo alitumia jedwali la pembetatu ambalo wanafunzi wa leo hufundishwa kwa jina la Pascal, aliyezaliwa 1623.

Sasa maneno mawili ya lugha, maana humo ndimo ugomvi ulimo. Kiswahili kinaiita namba hiyo tasa, kama kiumbe asiyezaa. Kiarabu kinaiita awwal, yaani ya kwanza, ile ambayo nyingine zinajengwa kutoka kwake. Na kile ambacho vitabu vyetu vya shule vinakiita kigawo, al-Farisi alikiita juz', wingi ajza'. Ndilo neno letu juzuu. Kila aliyepita chuoni anajua msahafu una juzuu 30, na hakuna anayeuita msahafu mzima juzuu. Kwa wanahisabati waliofuata njia ya Euclid mambo yalikuwa hivyohivyo: namba nzima haikuwa juzuu ya nafsi yake. Kwa hiyo ukimuuliza al-Farisi namba 7 ina juzuu ngapi, jibu ni moja. Ni 1 peke yake.

Na sasa lile daftari. Jioni huwa nasomesha watoto wa sekondari karibu na Wandegeya. Mmoja wao yuko Senior Two, mkimya, si mtoto wa kubishana. Shuleni waliambiwa waandike vigawo vyote vya 7, naye akaandika 1, 7, −1 na −7. Akakatwa kwa kalamu nyekundu. Alinijia na mambo mawili. La kwanza: wiki ileile walifundishwa kwamba hasi mara hasi ni chanya, na −1 mara −7 ni 7, sasa kosa lake liko wapi? La pili ndilo lililomsumbua zaidi: kitabu kinasema namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu. Ikiwa yuko sahihi kwamba vipo vinne, basi 7 si tasa, wala 11, wala 13, na hakuna namba tasa hata moja duniani. Aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kama afute.

Nilimwambia asifute, na sababu yangu ndiyo inayonirudisha kwa al-Farisi.

Mtu anaweza kudhani wazee wetu hawakuzijua namba hasi, ndiyo maana hawakuzihesabu. Si kweli. Katika karne ya kumi Abu'l-Wafa al-Buzjani, akiwaandikia makarani na wafanyabiashara, alikitumia kilichobaki unapotoa 5 katika 3 na kukiita deni. Karne ya kumi na mbili akaja al-Samaw'al ibn Yahya al-Maghribi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra, al-Bahir, akiwa na umri wa miaka 19 (wa mwaka wa kwanza mnaosoma hapa, sisemi kitu). Humo aliweka kanuni za hasi waziwazi: hasi ukiizidisha kwa hasi unapata chanya, na ukitoa hasi mahali patupu inabaki chanya. Al-Samaw'al alifia Maragha, mji uleule ambao al-Tusi alikuja kujenga kituo chake chini ya miaka mia baadaye. Al-Farisi mwenyewe aliandika sharhe ndefu ya kitabu cha hesabu na aljebra cha Ibn al-Khawwam. Aljebra ilikuwa mkononi mwake.

Basi kwa nini hakuziingiza kwenye juzuu? Fanya hesabu hii uone. Chukua 6. Juzuu zake bila yenyewe ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6, ndiyo maana inaitwa namba kamilifu. Sasa ruhusu hasi, uhesabu kila kinachoigawa: 1, 2, 3, 6, −1, −2, −3, −6. Jumla ni sifuri. Jaribu 220: sifuri. Jaribu 284, jaribu 7, jaribu namba yoyote uitakayo: sifuri, kwa kuwa kila kigawo kimekuja na hasimu wake. Mapenzi yote ya 220 na 284 yamekufa hapohapo. Hakuna namba kamilifu wala zipendanazo, na risala nzima ya al-Farisi haina la kusema. Kwa kazi aliyokuwa akiifanya, ya kujumlisha sehemu, hasi hazikuwa na mahali. Mahali pake ni kwenye aljebra, ambako unatafuta kisichojulikana, naye akaziacha nje pale alipohesabu sehemu za kitu.

Kuziacha nje kwa sababu ya kazi uliyonayo ni tofauti na kusema hazipo. Ukiingia katika namba kamili zote, chanya, hasi na sifuri, neno kugawa bila kubakisha lina maana moja tu: ipo namba kamili ambayo ukiizidisha na hii unapata ile. Kwa maana hiyo −7 inaigawa 7 sawasawa na inavyogawa 7 yenyewe. Mtoto wa Senior Two amesema kweli, na vigawo ni vinne.

Hofu yake ya pili inaondoka ukiangalia kile ambacho −1 inafanya. Inaigawa kila namba: 7, 30, 220, zote bila ubaguzi, kama 1 inavyofanya. Kitu kinachogawa kila kitu hakikwambii lolote kuhusu namba uliyoishika. Kwa hiyo wanahisabati wanaofanya kazi katika namba kamili wanaziweka 1 na −1 kando kama kundi lao, na wanasema namba ni tasa ikiwa yenyewe haimo katika kundi hilo na haina vigawo vingine zaidi ya kundi hilo na yenyewe ikiwa imezidishwa kwa mmoja wao. Saba inabaki tasa. Tena −7 nayo inakuwa tasa, jambo ambalo watoto wanalipenda sana wakiambiwa. Kile kinachovunjika ni ile ibara ya vigawo viwili tu, ambayo ilikusudiwa kwa namba chanya. Kilichokosekana kwenye lile swali la shule ni neno moja, chanya, na kulikosa si kosa la mwanafunzi.

Hata ule uvunjaji wa namba kuwa tasa unahitaji neno la ziada ukikubali hasi. Sita ni 2 mara 3, na ni −2 mara −3 pia. Je, hizo ni njia mbili za kuivunja au moja? Jibu la leo ni moja, kwa sharti kwamba hatuhesabu mabadiliko ya alama wala ya mpangilio kuwa tofauti. Al-Farisi alithibitisha kwamba kuvunja kunawezekana, akaonyesha sehemu zote zinavyotoka humo; uthibitisho kamili kwamba njia ni moja tu ulikuja kuandikwa na Carl Friedrich Gauss wa Ujerumani mwaka 1801. Gauss huyohuyo, mwaka 1832, alitoa kazi ambamo kipeuo cha pili cha −1 kinaruhusiwa miongoni mwa namba kamili. Humo kundi linalogawa kila kitu lina wanachama wanne badala ya wawili, na 7 inakuwa na vigawo vinane, ingali tasa. Tano haikusalimika. Ilivunjika.

Kwa hiyo namba 7 ina kigawo kimoja kwa al-Farisi, viwili katika kitabu cha shule, vinne katika namba kamili, vinane kwa Gauss. Ndugu zangu mnaoelekea mazoezi ya kufundisha muhula ujao, mtaulizwa swali hili, hasa kwa kuwa watoto wetu hukutana na namba hasi mapema. Vitabu vya hesabu vilivyoandikwa na wanahisabati wa Afrika, Marekani na Uingereza waliokutana Entebbe kuanzia 1962 vilikuwa sehemu ya wimbi lililotaka mwanafunzi ajue kwanza anahesabu ndani ya kundi lipi la namba. Wimbi lilipita, na wengi walilishangilia lilipopita, lakini kwa hili nadhani walikuwa na haki.

Nirudi Tabriz. Al-Shirazi alifariki 1311. Mwaka 1318 waziri mkubwa Rashid al-Din, aliyekuwa amejenga mjini humo mtaa mzima wa wanachuoni wenye maktaba na hospitali, aliuawa kwa fitina za kisiasa na mtaa wake ukaporwa. Al-Farisi naye aliaga dunia karibu na wakati huohuo, yapata 1319, akiwa na miaka kama 52. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Risala yake ya namba zipendanazo ina jozi nyingine iliyo kubwa kuliko ile ya kale: 17,296 na 18,416. Inatoka kwenye namba tasa 23, 47 na 1151: zidisha 16 kwa 23 kwa 47 upate ya kwanza, na 16 kwa 1151 upate ya pili. Ibn al-Banna wa Marrakesh, aliyeishi wakati mmoja naye upande wa pili wa dunia ya Kiislamu, aliijua pia. Mwaka 1636 Pierre de Fermat wa Ufaransa aliitangaza kama ugunduzi, na kwa muda mrefu vitabu vya Ulaya viliiita jozi ya Fermat, hadi mwanahistoria Roshdi Rashed, mzaliwa wa Misri, alipozichapisha na kuzichambua hati za al-Farisi katika karne ya ishirini. Descartes alipata jozi ya tatu mwaka 1638, 9,363,584 na 9,437,056, nayo pia ilikuwa imetangulia kupatikana Uajemi kwa Muhammad Baqir Yazdi.

Wote hao walifuata kanuni ya Thabit, na kanuni ya Thabit inaruka jozi moja ndogo sana ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiona. Mwaka 1866 kijana wa Italia wa miaka 16, Nicolò Paganini, aliileta: 1,184 na 1,210. Ukitaka kuijaribu kwa njia ya al-Farisi, anza kwa kuzivunja. Ya kwanza ni 2 ikizidishwa mara tano kwa nafsi yake, kisha kwa 37. Ya pili ni 2 mara 5 mara 11 mara 11. Panga namba tasa hizo moja moja, mbili mbili na kuendelea, ongeza 1, uiache namba yenyewe nje, ujumlishe zilizo chanya peke yake.